Steshenari ya Rangi Tatu, bodaboda mwenye deni la faini nenda pale

Wazee wa Mbagala, ile steshenari ndogo ya Rangi Tatu yenye mlango wa bluu, pembeni ya muuza chipsi, mimi naipa nyota nne.

Mara ya kwanza nilienda kucheki faini za trafiki tu. Dogo wa kwenye kompyuta akaingiza namba ya MC, ile ya usajili wa pikipiki, halafu akanigeuzia skrini nisome mwenyewe kabla hajabonyeza, na kweli herufi moja ilikuwa imekosewa, hapo ningelipa deni la mtu. Nikakuta kosa moja, elfu kumi, nikachukua control namba nikalipa kwa simu, akaniprintia karatasi, mia tano tu.

Kuna watakaosema elfu kumi ni ndogo, ila mi naikumbuka faini ilipokuwa elfu thelathini, bodaboda mwenye abiria mmoja analipa sawasawa na semi, yaani hesabu ya tajiri ya siku tatu imeondoka kisa saidi mira. Tulilalamika vijiweni mpaka bajeti ya 2021 Mwigulu Nchemba, Waziri wa Fedha wa wakati huo, akaishusha kwa bodaboda na bajaji. Kwa hiyo kudai kunasaidia jamani.

Na ndo nilichowapendea hawa. Kijiwe chetu tunapinga ushuru wa buku kila siku unaokusanywa bila risiti, tukaenda pale kuchapiwa barua. Dada mwenye duka akauliza, risiti mnazo? Hatuna. Akasema basi chukueni daftari, kila mnapotoa hela andikeni tarehe, saa na nani katoa. Wiki mbili tukarudi na daftari limejaa, akatoa kopi kurasa zote akazipini nyuma ya barua, watu 37 tumesaini, na akatusisitiza nakala yetu igongwe mhuri wa kupokelewa la sivyo walioipokea wataikana. Ilipogongwa nilishukuru sana. Majibu bado, ila nakala iko kwangu kwenye nailoni.

Nyota moja nimekata kwa sababu jioni foleni ni kubwa na wino unafifia, risiti yangu tarehe ilikuwa haisomeki kabisa, nikarudisha wakaprinti upya bure lakini nimeshapoteza abiria wawili.

Nendeni asubuhi kabla ya saa tatu, na mbebe kadi ya pikipiki maana bila kadi dogo hakuangalizii namba ya mtu.