TAHADHARI: Muuza "visu vya kujilinda" anayezunguka kwenye magrupu yetu hapa Uingereza

Ndugu zangu mnaoishi Uingereza, hasa akina dada wa kazi za kea (kuhudumia wazee na wagonjwa) mnaotoka shifti usiku wa manane: kuna mtu anapita kwenye magrupu ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya akiuza visu vya kukunja. Kiswahili chake ni kizuri, kila mtu ni "dada yangu", na tangazo lake linadai kila kisu ni "halali kabisa, makali chini ya inchi 3". Msimtumie hata peni moja.

Hilo la inchi 3 ndilo linalonasa watu, kwa sababu nusu yake ni kweli. Kwa England na Wales, kifungu cha 139 cha Criminal Justice Act ya mwaka 1988 kinaruhusu kutembea na kisu kidogo cha mfukoni kinachojikunja, makali yasizidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Lakini mahakama zilishaamua zamani kwamba kisu chenye kizuio, kile ambacho kikishafunguka hakikunjiki mpaka ubonyeze kitu, hakimo katika ruhusa hiyo, hata kiwe kifupi namna gani. Vyote anavyouza huyu vina kizuio.

Na hata ungekuwa na kile kidogo kinachoruhusiwa, ukisimamishwa ukajibu "nimekibeba nijilinde", umeshakifanya silaha kwa mdomo wako mwenyewe. Sheria inakubali sababu kama kazi, dini au vazi la asili. Kujilinda hakumo. Adhabu inafika miaka 4 jela, na kwa asiye raia, kifungo cha miezi 12 au zaidi kinafungua mlango wa kufukuzwa nchini. Mtu amekuja na viza ya kazi, analisha ukoo mzima nyumbani, halafu apoteze kila kitu kwa kisu cha pauni 40!

Kuna vibaya zaidi kwenye orodha yake. Kisu kilichofichwa ndani ya rangi ya mdomo, na kingine ndani ya bizimu la mkanda: hivyo tangu Julai 2021 ni kosa hata kuviweka kabatini nyumbani. Dawa ya pilipili ya kupuliza iko chini ya sheria ileile ya bunduki, Firearms Act ya 1968. Umri wa mnunuzi haulizi kabisa, ilhali ni kosa kumuuzia kisu aliye chini ya miaka 18, na humo magrupuni wamo watoto wetu.

Sasa wizi wenyewe. Hela zinaingia akaunti binafsi, na jina la akaunti hubadilika. Wengine hawapati kitu. Dada mmoja ninayemfahamu aliletewa kisu alichoambiwa ni chuma cha Marekani. Alipokuwa anafungulia boksi kizuio kikaachia, makali yakamrudia vidoleni. Akadai hela yake. Akajibiwa: "Nenda polisi ukawaambie ulitaka kutembea na kisu." Kisha akablokiwa. Huyu mtu amechagua makusudi bidhaa ambayo mnunuzi ataona aibu na hofu kuilalamikia, tena anawalenga watu wanaoiogopa polisi kwa sababu ya viza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Kama tayari unacho, usikitie kwenye pochi ukatoka nacho. Piga 101, namba ya polisi kwa mambo yasiyo ya dharura, uulize namna ya kukikabidhi. Vituo vingi vya polisi vina masanduku ya kutupia visu. Dawa ya pilipili vilevile, piga simu kwanza kabla ya kuitoa nyumbani. Kama ulituma hela, piga 159 uunganishwe na benki yako leo, na utunze picha za mazungumzo yote.

Hofu ya njiani usiku ni ya kweli, siidharau. Kengele ndogo ya kujihami, ile ya kuvuta pini ikapiga kelele, ni halali na bei yake ni ndogo. Mwulize pia mwajiri wako. Kampuni kadhaa za kea hutoa kifaa cha dharura kwa wanaofanya kazi peke yao, ila hawatangazi mpaka uombe.

Maadmin: tangazo lina picha ya msichana kituo cha basi usiku na maneno "Jilinde, halali UK". Likitokea lifuteni na mumwondoe papo hapo, kila mara, maana akiondolewa hurudi kwa namba nyingine.