Tovuti ya kuonesha kazi zako: kipi ulipie, kipi uchukue bure

Kama wewe ni mpiga picha za harusi Michenzani, mchora ramani za nyumba Chake Chake au mtembeza wageni Paje, na unataka tovuti yako ya kuonesha kazi, kitu kinachostahili pesa yako ni kimoja: jina la tovuti, yaani domeni. Vyengine karibu vyote vinapatikana bure, na ni vilevile wanavyotumia watu wa kampuni kubwa. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu vijana wengi hapa Unguja wanaanza kinyume. Wanalipia hostingi nzito (nafasi ya kuweka tovuti mtandaoni) na kiolezo cha kununua (sura ya tovuti iliyokwisha pangwa), halafu jina lenyewe linasajiliwa kwenye akaunti ya fundi.

Mwongozo huu unahusu tovuti tuli. Kurasa zinatengenezwa mara moja kwenye kompyuta yako, zinakuwa mafaili ya kawaida ya HTML na picha, na seva inabaki na kazi ya kumpa mgeni faili aliloliomba. Hakuna hifadhidata, wala mdukuzi hapati ukurasa wa kuingilia ili ajaribu nywila. Wewe unaandika maandishi mepesi, programu inayavisha kiolezo na kukutolea kurasa zilizokamilika. Kwa tovuti ya kurasa kumi au ishirini zinazobadilika mara chache, sioni sababu ya kubeba mzigo mkubwa zaidi ya huo. Njia ziko tano, nimezipanga kuanzia ninayoipendekeza zaidi.

Nafasi ya kwanza: jina lako, Hugo, na hosti ya bure

Hugo ni programu ya bure ya kutengeneza tovuti tuli. Ilitoka mwaka 2013 na imeandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Go. Sifa yake kubwa kwetu ni kwamba ni faili moja tu. Unaipakua mara moja, na baada ya hapo bando likiisha au mtandao ukikatika, kazi inaendelea. Unaandika `hugo server` kwenye dirisha la amri la kompyuta (terminal), unafungua `localhost:1313` kwenye kivinjari, na kila ukihifadhi sentensi, ukurasa unabadilika hapohapo mbele yako.

Sababu ya pili ni lugha. Mteja wa hapa anasoma Kiswahili, mgeni wa hoteli anasoma Kiingereza, na pwani ya mashariki na Nungwi Wataliano hawakosekani. Hugo ina lugha nyingi ndani yake bila nyongeza yoyote: faili la `kazi.sw.md` linakaa jirani na `kazi.en.md` na `kazi.it.md`, na programu inazijua kuwa ni ukurasa mmoja kwa lugha tatu.

Sababu ya tatu, ambayo kwa wapiga picha na mafundi seremala naiona ndiyo kubwa khasa, ni picha. Picha ya mlango wa Mji Mkongwe iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ina upana wa pikseli elfu kadhaa na uzito wa megabaiti nyingi. Ukiweka picha ishirini za namna hiyo kwenye ukurasa mmoja, mteja mwenye bando la siku ataondoka kabla hazijafunguka. Hugo inaweza kuzipunguza yenyewe wakati wa kutengeneza kurasa, mathalani hadi upana wa pikseli 1600, na kuzigeuza kuwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi. Ubora wake wa kawaida ni 75 kwa 100. Kwa picha ya bahari au ya bibi harusi unatosha kabisa. Kwa nakshi, fungua picha iliyopunguzwa, ikuze pale maua yanapopindana kwenye kizingiti cha juu, na utazame kama kingo za mkato bado zimesimama au zimeanza kufanya ukungu. Zikiwa na ukungu, panda hadi 85. Uzito utaongezeka, lakini mchongaji anauza mkato huohuo.

Kasoro ya Hugo ni violezo. Vingi ni vya bure na vizuri, lakini vya zamani huvunjika kwenye matoleo mapya ya programu. Kabla hujapenda rangi zake, tazama kiolezo kimesasishwa lini. Kilichoachwa miaka mitatu kiache na wewe. Na usinunue kiolezo cha kulipia kwa tovuti yako ya kwanza.

Kwa hosti, yaani huduma inayoiweka tovuti yako mtandaoni, chaguo langu ni Cloudflare Pages. Mpango wa bure hauna kikomo cha data wanayopakua wageni wako, unakuruhusu kutengeneza tovuti upya mara 500 kwa mwezi, na kila faili lisizidi megabaiti 25. Video ndefu za harusi ziweke YouTube. GitHub Pages inafuata: nafasi ya gigabaiti 1 na matumizi ya gigabaiti 100 kwa mwezi, ila kwa akaunti ya bure mafaili yako ya chanzo lazima yawe wazi kwa kila mtu, na masharti yao hayaruhusu kuitumia kuendesha biashara ya mtandaoni. Mtembeza wageni anayetaka kupokea malipo ya safari asianzie huko. Zote mbili zinakupa HTTPS bure, yaani ulinzi wa mawasiliano kati ya mgeni na tovuti, kwa hiyo anayekuuzia cheti cha SSL kwa tovuti kama hii mwambie huna haja nacho.

Sasa jina. Ukilenga wateja wa nje, `.com` inakumbukwa haraka. Ukilenga wa nyumbani, `.co.tz` inafaa kwa biashara na `.me.tz` kwa jina la mtu binafsi. Majina ya `.tz` huuzwa na mawakala walioidhinishwa, na hapo kuna faida ya kweli kwa asiye na kadi ya benki: wengi wao hupokea malipo kwa simu. Ukilinganisha bei, usitazame ya mwaka wa kwanza, uliza ya kuhuisha, yaani ya kulilipia jina tena kila mwaka. Kuna wanaouza mwaka wa kwanza kwa bei ya kutupa na wa pili mara tatu yake. Chagua jina fupi linalotamkika kwenye simu bila kulitaja herufi moja moja.

Nafasi ya pili: Jekyll juu ya GitHub Pages

Hii ni kwa mwenye simu tu, na wako wengi. Jekyll, programu ya kazi ileile ya Hugo, ilianza mwaka 2008, na GitHub huiendesha yenyewe kwenye seva zao. Unaandika ndani ya kivinjari cha simu, unahifadhi, na baada ya muda mfupi ukurasa uko hewani. Bila kununua jina unapata anwani inayoishia na `github.io`, bila kulipa hata shilingi. Mwanafunzi wa SUZA anayetafuta nafasi ya mafunzo kazini anaweza kuanza hapa leo na kuongeza jina lake baadaye. Kuisakinisha Jekyll kwenye Windows kunachosha. Ukiwa na kompyuta, rudi kwa Hugo.

Nafasi ya tatu: Astro na Eleventy

Hizi nazo ni programu za kutengeneza tovuti tuli, nzuri kwa anayejua JavaScript (lugha ya kuandikia programu za tovuti), na kwa mtu anayeomba kazi ya kutengeneza tovuti, tovuti yenyewe inakuwa ushahidi wa ujuzi wake. Lakini zinategemea Node.js, programu inayoendesha JavaScript kwenye kompyuta yako, na mradi wa Astro hushusha vifurushi vingi vinavyokula bando na nafasi ya diski.

Nafasi ya nne: hostingi ya kulipia

Ilipie ukiwa na haja ya masanduku ya barua pepe ya jina lako kwa watu kadhaa. Kwa mtu mmoja, Cloudflare inaweza kupokea barua za jina lako na kuzipeleka kwenye Gmail yako bure. Fomu ya mawasiliano pia huna haja nayo: weka kiungo cha `wa.me/` kikifuatiwa na 255 na namba yako bila sifuri ya mwanzo. Mteja akigusa, WhatsApp inafunguka.

Nafasi ya mwisho: majukwaa ya kukodi kwa mwezi

Unaburuta picha, unalipa kila mwezi kwa dola, na ukiacha kulipa jina lako halifungui tena tovuti hiyo. Kuihamisha kazi yako kwenda kwengine kwa kawaida ni kuanza upya. Kwa kipato kinachopanda na kushuka na misimu ya wageni, mkataba huu siupendi.

Ukiamua kumpa fundi akutengenezee, hakuna ubaya, ila fungua akaunti ya domeni mwenyewe kwa barua pepe yako na namba yako, kisha umpe yeye ruhusa. Kuna wenye maduka ambao jina limekwisha muda, fundi hapokei simu, na kwa wakala mwenye jina kisheria ni yeye. Kabla ya kumlipa nusu iliyobaki, ingia kwenye akaunti ya domeni na ya hosti mbele yake, hakikisha tarehe ya kuhuisha na kwamba arifa zinakuja kwako, na akukabidhi folda nzima ya mradi wa Hugo. Folda ya `public` peke yake haitoshi, maana hizo ni kurasa zilizokwisha kutolewa, na fundi mwengine hawezi kuiendeleza kazi yako kutoka hapo.