Sensa ya sukari (kidude cha kubandika mwilini cha kupima sukari) kwa mbwa wangu Dafu, nilivyoiona mie baada ya miezi mitatu

Mbwa wangu anaitwa Dafu, jike, ana miaka minane, kilo 16, mweupe wa kuelekea manjano, nilimuokota pwani hapa hapa Jambiani, Unguja, akiwa mdogo wa kutia kwenye kikapu. Mwaka jana alipotoka kwenye joto la kutaka dume akaanza kunywa maji si mchezo, ndoo anaimaliza afu anakwenda kulamba bomba la uwani, anakojoa ndani na hajapata kufanya hivyo tokea namlea, chakula anakula chote lakini mbavu zinahesabika. Nikampeleka mjini kwa daktari wa mifugo, zaidi ya saa nzima kwa gari, kumpima sukari 27 (mmol/L), juu mno. Daktari akanieleza kwamba kisukari cha mbwa ni cha sindano tu, vidonge wanavyomeza watu kwake havifui dafu kwa sababu kongosho lake halitoi tena insulini, na jike ambaye hajatolewa kizazi na ovari kila akitoka joto homoni zinaipinga insulini, kwahio tukamtoa kizazi na ovari kwanza ndo tukaanza dawa.

Sindano zenyewe hazikunisumbua. Saa 12 asubuhi chakula na sindano, saa 12 jioni chakula na sindano, masaa 12 kamili, mie siku hizi nimekuwa saa yenyewe. Kilichonishinda ni kupima. Unatoboa ukingo wa sikio kwa ndani upate tone la damu utie kwenye stripu, na Dafu alishaijua sauti ya zipu ya kile kimkoba cha mashine, akiisikia tu anaingia chini ya kitanda anabana mpaka ukutani, unamvuta anatetemeka, na mbwa akiogopa sukari inapanda yenyewe kwahio hata hio namba uliyoipata kwa taabu yote hio huiamini. Nikawa napima asubuhi tu, kila siku ishirini na kitu, ishirini na kitu, daktari akasema basi tutaongeza dozi.

Kabla hatujaongeza ndo nikamuuliza kuhusu zile sensa wanazobandika watu mkononi. Akasema ndio, madaktari wa wanyama nchi nyingi wanazitumia kwa mbwa na paka ijapokuwa zimetengenezwa kwa ajili ya watu. Ndugu yangu akaninunulia mbili Dar zikaja na boti, moja ilizidi laki na nusu, si pesa ndogo kwangu nasema kweli.

Siku ya kubandika daktari alimnyoa sehemu kama kiganja ubavuni nyuma ya bega, akapangusa na spiriti, akasubiri pakauke vizuri khasa, akatia matone ya gundi ya kufungia vidonda pembeni mwa plasta, akabonyeza. Tak! Dafu akageuza kichwa mara moja akanitazama, basi, akaendelea kunusa miguu ya meza. Kitu chenyewe ni kiduara kama sarafu kubwa, ndani kina kiuzi chembamba cha kama milimita 5 kinakaa chini ya ngozi, hakipimi damu, kinapima maji yaliyo baina ya seli, ndo maana namba yake inachelewa kidogo nyuma ya damu. Unasubiri saa moja iwake, afu unasogeza simu tu ubavuni inasoma. Lazima simu iwe na NFC, ile ya kusoma kitu kwa kukisogelea tu, yangu haina, ikabidi nichukue ya mdogo wangu, muangalie hilo kabla hamjatoa pesa.

Ilivyosoma mara ya kwanza 19.4, na Dafu kalala zake hana habari, wallahi nilitokwa na machozi. Miezi mingapi namtoboa masikio mnyama wa watu.

Siku ya tatu ndo nikaiona faida yake. Saa 7 mchana nampitishia simu, 3.2, na mshale unaangalia chini. Yuko chini ya mkungu kalala, nikamuita akainuka miguu ya nyuma imelegea kama kalewa, nikatoboa sikio kuhakikisha, damu nayo ikasema 3.5. Nikampaka asali kwenye fizi kwa kidole, kidogo kidogo, halafu nikampa wali na samaki. Jioni saa 12 yuko 22. Nikatizama ule mstari kwenye simu wa siku zote tatu, kila mchana unashuka bondeni, kila jioni unapanda mlima, nikampigia picha daktari nikamtumia. Akanipigia simu palepale akasema usiongeze kitu, hii dozi imezidi, sukari ikishuka sana mwili wenyewe unafungua akiba ya kwenye ini ndo ikawa asubuhi tunakuta ishirini na kitu tukadhani dawa haitoshi. Tukashuka kutoka yuniti 8 mpaka 6. Sasa fikirieni tungeipandisha kwenda 10, siku nipo mjini, mbwa yuko peke yake nyumbani. Silali vizuri nikilifikiria hilo.

Siku hizi mara nyingi yuko baina ya 6 na 14, na daktari karidhika, mana kwa mbwa hatutafuti namba nzuri kama ya mtu mzima wa afya, tunatafuta asishuke chini sana na asikae juu ya 10 au 12 kutwa, hapo juu figo zinaimwaga sukari kwenye mkojo ndo ile kiu inarudi.

Matatizo yapo. Imeandikwa siku 14, ya kwanza ilikaa 6. Dafu ana tabia ya kufuatana na kina mama wakishuka kwenye mwani maji yakitoka, anarudi kalowa chumvi na mchanga tumbo zima, plasta ikaanza kuinuka pembeni, siku ya pili yake nikaikuta mlangoni. Ya pili nikamvalisha fulana ya mtoto nimeikata mikono, na pwani simruhusu kwenda, analia mlangoni maji yakitoka lakini tumevumiliana, ikafika siku 12. Jengine, akilalia ule ubavu usiku inasoma chini kabisa, niliwahi kuruka kitandani na asali mkononi, kumpima damu 8. Kwahio ikikuonyesha chini sana na mbwa yuko mzima, mgeuze, subiri, halafu pima damu kabla hujampa kitu. Na inakumbuka masaa 8 tu, ukichelewa kuisoma yale ya mwanzo yanafutika.

Kuna kitu nataka kukisema pia. Jirani yangu, bi mkubwa ambaye mwenyewe anachoma insulini, alinikuta nampitishia simu Dafu akasimama mbali, na udhu wake.

"Mwanangu, pesa yote hio kwa mbwa?"

"Bi mkubwa, hii dawa unayochoma wewe walianza kuijaribu kwa mbwa. 1921, Toronto, Kanada. Banting na Best waliwatoa mbwa kongosho wakawachoma ile dawa wakaona sukari inashuka, mwaka uliofuata ndo wakamchoma mtu."

Alinyamaza kimya. Halafu akaniambia hebu nionyeshe huo mstari, nikamuonyesha ule bonde la mchana la siku za mwanzo, akauangalia sana. "Hata mie saa hizo hutetemeka. Nilikuwa nadhani njaa." Wiki ile ile mwanawe alimpeleka kliniki, na dozi yake ya asubuhi imepunguzwa.

Kwa kumalizia maswali ninayoulizwa sana, umeme ukikatika insulini naitia kwenye kibegi chenye barafu, lakini naifunga kitambaa isigusane na barafu, ikiganda imekufa. Na bomba za sindano angalieni, kuna insulini za wanyama za yuniti 40 kwa mililita moja na za watu za yuniti 100 kwa mililita moja, bomba lazima lilingane na dawa yake, ukichanganya unaweza kumuua.

Jicho la kulia la Dafu limeshaingia mtoto wa jicho, lile hakuna sensa ya kulirudisha, ila la kushoto bado anaona na akinisikia nafungua geti anakuja mbio. Sensa ya tatu imefika jana na boti. Ubavu wa kushoto nywele hazijaota bado, hii tutabandika kulia, Jumamosi inshaallah.