palera1n kwenye iPod touch ya kizazi cha 7: nimekaa nayo miezi mitano, haya ndo niliyoyaona

Wakuu, naanza na jibu maana najua kuna wanaotaka jibu tu waendelee na mambo yao. Kama una iPod touch ya kizazi cha 7 imelala kwenye droo na bado inawaka, ifanyie jelibreki (yaani kuifungua ili iweke vitu ambavyo Apple hawaviruhusu) kwa programu ya palera1n, hutajuta. Ila kama unachotaka kukifungua ni simu yako ya kila siku, ile yenye mambo ya benki na meseji za kazini, basi tulia kwanza usome yote.

Hii iPod ilitoka Mei 2019 ikiwa na chipu ya A10, ile ile ya iPhone 7, skrini ya inchi 4 na tundu la hedifoni ambalo siku hizi limekuwa adimu. Mei 2022 Apple wakatangaza wanaacha kuitengeneza, na iOS 16 ilipokuja haikuwemo kabisa kwenye orodha, kwa hiyo imeishia iOS 15. Sasa fikiria, kifaa kizima, gramu 88 tu, ukikitia mfukoni unasahau kama kipo, muziki bado kinapiga vizuri, lakini apu moja baada ya nyingine inakwambia haikutaki mpaka uapdeti na ya kuapdeti haipo. Yangu ni ya 32GB na naipenda sana hii kitu, iliniuma kuiona inazeeka kwa amri ya mtu mwingine wakati yenyewe haijachoka.

Ndo nikaingia kwenye palera1n.

Kwa wasioijua, palera1n ni programu ya bure, kodi yake (code, yale maandishi yanayoiunda) iko wazi kila mtu anaisoma, na inafanya kazi kwenye vifaa vya chipu A8 hadi A11 kuanzia iOS 15 kwenda juu. Kinachoifanya iwe tofauti na jelibreki nyingi ni tundu inalopitia. Chipu ikiwaka, kitu cha kwanza kabisa inachosoma ni kodi ndogo iliyochomwa humo humo kiwandani, haifutiki wala haibadilishwi. Septemba 2019 jamaa anayejiita axi0mX akatoa kitu kinaitwa checkm8, kinapita kwenye kosa lililomo ndani ya kodi hiyo, kwenye namna inavyoongea na waya wa USB kifaa kikiwa kwenye hali ya DFU, yaani kinasubiri maagizo ya kompyuta kabla mfumo haujawaka. Sasa kosa likishakuwa ndani ya kitu kisichobadilika, hakuna apdeti itakayoliziba, chipu zote kuanzia A5 hadi A11, yaani kuanzia iPhone 4S mpaka iPhone X, zimeshatoka nalo na zitakufa nalo. Novemba ya mwaka huo huo ikaja checkra1n iliyotumia tundu hilo kwa iOS za wakati ule, palera1n ikaja kupokea kijiti kuanzia iOS 15. Mimi hilo ndo lililonipa moyo, maana jelibreki nyingine unaishi kwa wasiwasi, ukiapdeti bahati mbaya usiku imekula kwako, ila hapa hata ukirudishia mfumo upya mlango bado uko pale pale.

Kuinstoo sasa. Unahitaji kompyuta ya Mac au Linux. Wa Windows msikate tamaa, kuna kitu kinaitwa palen1x, unakiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia hiyo flashi, inakuwa Linux ya muda yenye palera1n tayari, ukimaliza unachomoa na Windows yako iko vile vile haijaguswa. Mimi nilipita njia hiyo na sikuona ugumu, kazi ni kuandika amri moja tu na kubonyeza Enter.

Kilichonitesa ni waya. Nilikuwa na waya ule wa USB-C kwenda Lightning, nikajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya sita, iPod inaingia kwenye ile picha ya waya na kompyuta halafu nikifika kwenye DFU kompyuta haioni kitu. Nikabadilisha amri, nikawasha kompyuta upya, nikaanza kudhani batani ya sauti imekufa. Kumbe ni waya tu! Watengenezaji wenyewe wameandika kabisa kwenye maelezo yao kwamba tumia waya wa USB-A na mimi nilipita hapo mbio mbio bila kusoma. Nikachukua waya wa zamani wa USB-A uliokuwa umeanza kuchanika shingoni, ikakubali mara ya kwanza. Mara ya kwanza! Kwa hiyo kabla hujalalamika popote badilisha waya, na kama kompyuta yako ina prosesa ya AMD jua kwamba hizo zinajulikana kusumbua kwenye hatua hii, tafuta ya Intel uazime hata kwa dakika kumi.

DFU yenyewe inataka vidole viwe tayari. Kwenye hii iPod unashika batani ya juu pamoja na ya kupunguza sauti, palera1n inakuhesabia sekunde kwenye skrini ya kompyuta, halafu inakwambia achia ya juu uendelee kushika ya sauti. Watu wengi wanakosea hapo, wanaachia zote mbili kwa mpigo au wanachelewa kuachia. Mimi niliilaza iPod mezani kifudifudi hapana, chali, skrini inatazama juu, kidole gumba kushoto kwenye sauti na cha shahada juu, macho kwenye kompyuta. Ukipatia, skrini ya iPod inabaki nyeusi tii kama imekufa, usiogope, hiyo ndo DFU yenyewe. Baada ya muda mfupi inafufuka, na kama uliongeza -V kwenye amri yako utaona maandishi yanakimbia kutoka juu kwenda chini mistari kwa mistari. Miaka yote kifaa hiki kilikuwa kinanionyesha tufaha tu kila nikiwasha, siku ile ndo mara ya kwanza nikakiona kinaongea, nilikaa nakiangalia mpaka maandishi yakaisha.

Kikishawaka unakuta apu ya palera1n kwenye skrini, unaifungua, unachagua Sileo (duka la twiki, yaani vijiprogramu vinavyobadilisha mfumo), inakuuliza utengeneze neno la siri, basi umemaliza. Na hilo neno la siri naomba mlichukulie kwa uzito. Zamani vifaa vyote vilivyofunguliwa vilikuwa na neno moja la siri, alpine, dunia nzima inalijua, na Novemba 2009 kirusi kinaitwa ikee kikapita kwenye iPhone za watu kule Australia kupitia hilo hilo neno, kikawabadilishia picha ya skrini kuwaweka mwimbaji Rick Astley. Kile kilikuwa kama utani, lakini 2015 ikaja KeyRaider ambayo haikuwa na utani wowote, zaidi ya akaunti 225,000 za Apple ziliibwa kutoka kwenye vifaa vilivyofunguliwa, ikiwa imejificha ndani ya twiki za watu. Kwa hiyo repo (ghala za twiki mtandaoni) za ajabu ajabu zinazokupa apu za kulipia bure, achana nazo. Mimi nimebaki na repo chache zinazokuja na Sileo na nyingine mbili za watengenezaji ninaowafahamu kazi zao, na sijakosa kitu.

Ninachotumia kila siku: Filza, hii ni ya kuingia kwenye mafaili yote ya mfumo, ukizoea Filza ukirudi kwenye kifaa kilichofungwa unahisi umefungwa mikono. SnowBoard kwa ajili ya muonekano, nimeweka ikoni za duara na rangi iliyopoa. NewTerm kwa wanaopenda kuandika amri. Choicy nayo ni lazima kabisa, inakuwezesha kuzima twiki kwenye apu moja moja, apu ikianza kugoma unaizimia twiki zote unaona kama shida iko hapo. Na twiki yangu ya roho ni ile inayofanya batani za sauti ziruke wimbo ukizishikilia, kwa sababu hii iPod inakaa mfukoni nikitembea na sasa sihitaji kuitoa, nabonyeza kwa juu ya kitambaa, wimbo unaruka. Kitu kidogo hicho lakini nakitumia mara arobaini kwa siku na kifaa kilitoka kiwandani na uwezo wa kukifanya, walikuwa hawajaruhusu tu.

Kuna kuchagua kati ya njia mbili na wengi wanachanganyikiwa hapa. Kuanzia iOS 15 sehemu ya mfumo imefungwa kwa muhuri, ukiibadilisha kifaa hakiikubali, kwa hiyo palera1n ya kawaida haiigusi, inaweka vitu vyake pembeni kwenye folda ya /var/jb. Hiyo wanaiita rootless. Ya pili inatengeneza nakala ya mfumo mzima halafu unachezea hiyo nakala, hapo twiki nyingi za zamani zinakubali lakini nakala inakula gigabaiti kadhaa, na kwenye 32GB yenye nyimbo hiyo siyo kitu cha kufikiria mara mbili. Nenda na rootless. Ukikuta twiki unayoipenda haijabadilishwa kufuata njia hii mpya, samehe, nyingi za maana zimeshabadilishwa.

Sasa ubaya wake, na sitaupunguza. Jelibreki hii inaishi kwenye memori tu. iPod ikizima, iwe chaji imeisha au umeiwasha upya mwenyewe, inawaka kama kawaida, nyimbo zinapiga, Wi-Fi ipo, lakini twiki zote zimelala na Sileo haifunguki mpaka urudi kwenye kompyuta ufanye tena ule mchezo wa vidole. Kwangu imetokea mara saba au nane kwa miezi mitano na nyingi ni uzembe wangu wa kuchaji. Ukiwa na kompyuta karibu ni dakika tatu, ukiwa safarini wiki nzima basi wiki nzima unatumia iPod ya kawaida. Kwa kifaa cha muziki navumilia. Kwa simu nisingevumilia.

Na kwa wenye iPhone 8 na X, zile za A11, kuna jambo zito zaidi: ukiwa umefungua haitakiwi kuwa na neno la kufungulia skrini, na kwenye iOS 16 kwenda juu hata kama uliwahi kuliweka tu ukalitoa, inabidi ufute kila kitu uanze upya. Maana yake unatembea na simu ambayo yeyote akiiokota anaingia. Hapana jamani, simu yenye picha za watoto na meseji zako siyo ya kufanyia hivyo, na apu nyingi za benki zikigundua jelibreki zinakataa kufunguka, na ni haki yao. iPod yangu ya A10 haina sharti hilo, neno la kufungulia skrini nalitumia kama kawaida.

Niliwahi kuiharibu pia. Niliweka twiki mbili zote zinagusa skrini ya kufunga, nikawa na skrini inawaka inazima inawaka inazima, kila nikigusa inaanza upya. Moyo ulinienda mbio kwa sababu nyimbo zangu nyingine sina nakala. Nikarudi kwenye kompyuta, nikaendesha palera1n na -s mwishoni, hiyo inawasha kifaa bila kupakia twiki yoyote, nikaingia Sileo nikatoa moja, nikawasha upya kwa kawaida, ikatulia. Na ukitaka kuachana nayo kabisa kuna --force-revert inayosafisha kila kitu. Nimeijaribu mara moja makusudi nione kama inasema kweli, na baada ya hapo iPod ilikuwa safi, nyimbo zote zipo, kisha nikaifungua tena. Heshima kubwa kwa waliofikiria mlango wa kutokea, programu nyingi zinakuonyesha wa kuingilia tu.

Chaji inaisha haraka kidogo kuliko zamani, ila nilipotoa twiki moja ya mapambo yanayocheza cheza ikarudi karibu na ilivyokuwa.

Mnaouliza kama ni kosa kisheria, Marekani walitoa ruhusa ya kujelibreki simu tangu 2010 na 2015 wakaongeza vifaa vingine vya kubeba mkononi, kwingine angalia sheria za unapoishi. Apple wenyewe wanasema wanaweza kukataa kukuhudumia kifaa ulichokibadilisha, ingawa kwa iPod iliyokwisha garantii zamani hilo halinisumbui.

Na muogope kitu kimoja, tovuti zinazokwambia bonyeza hapa ufungue iPhone yako bila kompyuta, weka profaili hii, cheza gemu hii mpaka leveli fulani. 2019 checkra1n ilipokuwa inasubiriwa tu, tayari kulikuwa na tovuti feki yenye jina linalofanana nayo inawachezesha watu gemu ili wao wapate hela. palera1n haiombi hela, haiombi akaunti yako ya Apple, na haifanyiki bila waya. Ukiona kimojawapo kati ya hivyo umeshapotea njia, toka hapo.

Kwa iPod touch ya 7 naipa nyota nne na nusu, hiyo nusu nimeikata kwa sababu ya kurudi kwenye kompyuta kila ikizima. Kwa iPhone 7 ya akiba nne. Kwa iPhone X unayoitegemea sitoi nyota, simshauri mtu. Hapa ninapoandika iko mezani, chaji asilimia 64, na nimeshaweka kengele saa tatu usiku ya kunikumbusha kuichaji isije ikazima tena.