Kutuliza msongo: muziki uliochujwa au muziki wa polepole?
Muziki uliochujwa, kama wa Safe and Sound Protocol, programu ya kusikiliza iliyobuniwa na mwanasayansi Stephen Porges, husisitiza masafa ya sauti ya binadamu. Programu ya msingi ni ya saa 5 kwa jumla, kwa hedifoni zinazofunika masikio yote, chini ya mtaalamu aliyefunzwa. Haraka ndiyo huharibu: ukilazimisha dakika 30 mwili ukiwa umeelemewa, kichwa huweza kuuma, hasira zikapanda, usingizi ukakatika. Simamisha, pumzika, kisha urudi na dakika 5, au hata 2.

Muziki wa polepole hauhitaji msimamizi: mapigo 60 hadi 80 kwa dakika, bila maneno, sauti ya chini, dakika 20, ukitoa pumzi taratibu kuliko unavyoivuta. Kwa msongo wa kawaida tunashauri uanze na huu. Ushahidi wa muziki uliochujwa bado ni mchache.