Uzoefu wangu wa kuchukua stripu za kupimia sukari ya damu na insulini kwa bima ya umma, Pemba

Nina kisukari na ninajidunga insulini asubuhi na jioni, lakini kwa miaka kilichonichosha ni karatasi kuliko sindano. Kila mwezi nilikuwa nikitoka Wete hadi Chake Chake ili daktari aandike upya yale yale ya mwezi uliopita, kisha nipeleke fomu kugongwa muhuri, ndipo nisogee dirisha la dawa. Siku moja kijana wa dirishani aliniambia, "Mzee, hapa hapakuandikwa sindano za ukubwa gani," nami nikapanda gari tena kesho yake kwa ajili ya neno moja.

Sasa cheti kimoja cha daktari kinatumika miezi mitatu, na vifaa vyote vimo katika fomu moja. Safari iliyopita nilimaliza kabla ya adhana ya adhuhuri. Insulini bado hutolewa mwezi kwa mwezi, na hilo silalamikii: chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000, mimi natumia 36 kwa siku, na chupa ambazo hazijafunguliwa zinataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, jambo ambalo friji yangu haiwezi kuliahidi umeme unapokatika.

Kinachonikera ni stripu. Kikasha kina 50, nami hupewa kimoja kwa siku 30, ilhali daktari ameniagiza nipime mara mbili kwa siku. Siku ya 25 kikasha ni kitupu, tena kama hakuna iliyoharibika, kwani tone la damu likiwa dogo mashine huonyesha kosa na stripu ndiyo imekwenda. Ramadhani iliyopita mambo yalizidi, kwa sababu nilitakiwa kupima na alasiri pia, na kufungua endapo sukari ingeshuka chini ya 3.9 mmol/L; kufikia kumi la pili nilikuwa nikinunua stripu dukani kwa fedha yangu, huku kadi ya bima imo mfukoni.

Bibi mmoja niliyekaa naye kwenye foleni alitoka na vikasha viwili. Cheti chake kilikuwa kimeandikwa "apime mara mbili kwa siku", changu "stripu, kikasha 1". Kliniki ijayo nitamwomba daktari aandike hivyo hivyo, nami namshauri kila mwenye kadi kama yangu akisome cheti chake kabla hajatoka chumbani kwa daktari.