Tathmini ya Ajira Portal kwa Mtu Anayebadili Fani

Maoni mengi kuhusu Ajira Portal, mfumo wa maombi ya kazi za serikali nchini Tanzania, hutolewa na vijana waliotoka chuoni juzi. Mimi nimeutumia nikiwa nakaribia miaka arobaini, baada ya kufanya kazi ya mapokezi hotelini Arusha kwa muda mrefu, kisha nikarudi darasani kusomea Stashahada ya Utunzaji Kumbukumbu ili niombe nafasi za masjala. Kwa hiyo naupima mfumo huu kwa swali moja tu: unamfaa kiasi gani mtu aliyekwisha kuwa na kazi na anayetaka kuingia katika kazi nyingine kabisa?

Mfumo unaendeshwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilicho chini ya Ofisi ya Rais, chenye makao yake Dodoma. Kujisajili hakuna ada. Unahitaji namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na barua pepe, halafu unajaza taarifa binafsi, elimu, uzoefu na wadhamini watatu, na kupakia vyeti vilivyothibitishwa na wakili. Ukishajaza, wasifu wako unabaki humo, na tangazo jingine likitoka unachoandaa upya ni barua ya maombi iliyosainiwa. Kwa mtu anayeomba kazi usiku baada ya zamu, huo ni unafuu mkubwa. Kampuni moja binafsi niliyoiomba kazi kipindi hicho hicho ilinitaka nitume CV, kisha nijaze fomu ndefu inayouliza yale yale yaliyomo kwenye CV, na mpaka leo haijasema neno.

Sifa yake kubwa, na hapo hapo ndipo mtu wa aina yangu hutikisika, ni kwamba kila nafasi inaongozwa na muundo wa utumishi wa kada husika, yaani mwongozo wa serikali unaotaja sifa za kuingia katika kila aina ya kazi. Tangazo la Dereva Daraja la II, kwa mfano, hutaka cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja la E au C ambayo mwombaji ameifanyia kazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, pamoja na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa. Mtu aliyeendesha malori miaka kumi na mitano bila cheti hicho cha mafunzo hana pa kupitia, hata kama mikono yake inaijua barabara ya Tunduma kuliko mwalimu wa chuo. Vivyo hivyo, aliyefunga vitabu vya hesabu vya duka kubwa kwa miaka mingi hawezi kuomba nafasi ya Mhasibu bila CPA, yaani cheti cha taaluma ya uhasibu, inayotambuliwa na NBAA, bodi ya wahasibu nchini. Kwa kada yangu, Mtunza Kumbukumbu Msaidizi, kinachohitajika hasa ni stashahada ya fani hiyo. Miaka yangu ya mapokezi niliiandika kwenye sehemu ya uzoefu, lakini haikuwa ndiyo inayofungua mlango.

Nilipoligundua hilo niliumia kidogo, sitaficha. Baadaye niliona upande wake wa pili: kwa kuwa nafasi nyingi za kuanzia hazidai uzoefu, hakuna anayekuuliza kwa nini unaanza upya na umri huo, swali ambalo nimelijibu katika usaili wa sekta binafsi hadi likanichosha. Umri una mpaka mmoja ulio wazi, yaani usiozidi miaka 45 kwa ambaye hayumo tayari katika utumishi wa umma. Anayefikiria kuhama fani na ameshavuka arobaini apige hesabu ya miaka ya masomo kabla ya kulipa ada ya chuo.

Nyaraka ndizo zinazomtesa zaidi mwombaji mwenye umri. Hati ya matokeo ya kidato cha nne haikubaliki mahali pa cheti chenyewe, na wengi wetu vyeti tuliviacha kijijini ndani ya sanduku la mzazi. Majina nayo yana kesi yake: ukiwa umeolewa ukaongeza jina, au shuleni uliandikwa kwa jina la babu na NIDA kwa jina la baba, utahitaji hati ya kiapo ya kubadili jina. Shughulikia hayo kabla tangazo halijatoka, kwa sababu muda wa kutuma maombi mara nyingi ni kama wiki mbili, na wiki mbili huisha ukiwa bado unamsubiri wakili.

Halafu kuna kusubiri. Majina ya walioitwa kwenye usaili hutolewa katika faili la PDF lenye kurasa nyingi, yakiwa yamepangwa kwa kada, na nililifungua simu ikiwa chini ya meza ya mapokezi huku mgeni akinisubiri nimpe ufunguo. Tangazo hilo huwaambia ambao hawakuitwa kwamba hawakukidhi vigezo na wasisite kuomba tena. Ni lugha ya staha, lakini mtu aliye katikati ya fani mbili angependa kujua ni kigezo gani, maana asije akarudia kosa lile lile mara tatu. Katika pengo hilo ndipo matapeli huingia, wakidai wana mtu wao Dodoma. Usitoe hata shilingi, kwani huduma yenyewe ni ya bure.

Ukiitwa, ujue kwamba usafiri, chakula na malazi ni juu yako, na ruhusa ya kutoka kazini utaiomba mwenyewe kwa mwajiri wako wa sasa. Nakili namba yako ya mtihani kutoka kwenye akaunti mapema. Usaili wa mchujo, ambao ni mtihani wa kuandika, hupima fani, na hapo stashahada yangu ndiyo iliyosema. Kwenye mahojiano mambo yalikuwa tofauti: nilipoulizwa ningefanyaje na mteja mwenye hasira ambaye jalada lake halionekani, nilijibu kama mtu aliyewahi kumtuliza mtalii aliyefika usiku akakuta chumba chake kimeshatolewa kwa mwingine. Anayefaulu na nafasi zikawa zimejaa huwekwa kwenye kanzidata, na anaweza kupangiwa kituo baadaye bila kusailiwa upya, utaratibu ambao sijaukuta kwa mwajiri yeyote binafsi.

Kwa anayehamia kada yenye cheti chake, kama udereva, masjala, uhasibu au uuguzi, naupendekeza bila wasiwasi, mradi asiache kazi aliyonayo kabla ya kushika barua ya kupangiwa kituo. Kwa anayetegemea uzoefu peke yake, muda wake utazaa zaidi akiutumia kuwatafuta waajiri binafsi wanaojua kazi yake, au akiulizia vyuo vinavyofundisha jioni.